Joto Nalo ni Mzigo

Maneno niliyoyasema Konde, Pemba, mbele ya vijana wanaojifunza kuwatembeza wageni msituni. Nimeyaandika kama yalivyotoka, ila maswali ya katikati nimeyaacha.

Assalaam alaykum.

Wanangu, na walimu wenu mlioniita, nakushukuruni. Niliombwa nizungumzie vifaa vya matembezi, vyote. Nimekaa nikafikiri, nikaona nikizungumzia vyote mtatoka hapa na orodha tu, na orodha haisaidii mtu akiwa njiani. Basi viatu nimeviacha, kofia nimeiacha, hata dawa ya mbu nimeiacha. Leo nazungumza begi la mgongoni peke yake, lile begi la kutwa, la kutoka asubuhi na kurudi jioni. Wengine wanaliita shanta. Lolote mnaloliita, ndilo litakalokuwa mgongoni mwenu kila siku ya kazi.

Begi langu la kwanza nililinunua kwa jicho. Lilikuwa jeusi, zuri, na upande wa mgongoni lina sponji nene, laini ukilibonyeza kama mto mpya. Nikajiambia mgongo wangu utalala hapo. Ilikuwa Februari, Kaskazi yenyewe, joto halina huruma. Tukaingia msitu wa Ngezi asubuhi na wageni wanne, tukatokea Vumawimbi, tukashika pwani mpaka Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, tukarudi. Nilipolivua lile begi jioni, nguo ya mgongoni ingekamulika ikatoa maji kama imetoka kwenye beseni. Usiku nikaanza kuwashwa. Kulipokucha mgongo wangu wote umejaa harara, na imechora umbo la lile sponji, kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Mama akanipaka liwa kama mtoto mchanga. Siku kumi sikuweza kubeba chochote, na siku kumi za msimu kwa mtu wa kazi yetu mnazijua zina maana gani.

Lile begi halikuwa zito. Nilikuja kulipima baadaye, na vitu vyote ndani halikufika kilo 6. Kilichonishinda ni joto. Na joto nalo ni mzigo, ila dukani hakuna mizani ya kulipima, kwa hiyo mtu halihesabu.

Nataka mlielewe hili kwa undani, maana mkilielewa mtaweza kuchagua begi lolote, hata ambalo mimi sijapata kuliona.

Mtu anapotembea, misuli yake inatoa joto, na mwili hulitoa nje hasa kwa jasho. Lakini jasho halipoozi kwa sababu linatoka. Linapooza linapokauka juu ya ngozi. Jasho linalotiririka likadondoka chini, au linalonyonywa na sponji, limekupotezea maji na chumvi bure. Lita 1 ya jasho ikikauka yote juu ya mwili huondoka na joto la kama kilojuli 2,400. Niligeuze liwe la jikoni: joto hilo lingetosha kuyatoa karibu lita 8 za maji ya mtungi kwenye ubaridi wake na kuyafikisha kuchemka. Ndiyo nguvu aliyotupa Mwenyezi Mungu katika ngozi. Sasa wewe unachukua mgongo, ambao ni katika pahala panapotoka jasho jingi zaidi mwilini, unaufunika kwa sponji na nailoni kwa saa sita. Ngozi inakaa imerowa, vijitundu vya jasho vinaziba, jasho linabaki chini ya ngozi, na hiyo ndiyo harara. Na kabla ya harara mwili ulishachoka, kwa sababu moyo umefanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuisukuma damu kwenye miguu na kuisukuma kwenye ngozi ili joto litoke.

Mmewaona popo wetu wa Pemba, wale wakubwa ambao duniani hawapatikani pengine isipokuwa kisiwa hiki. Mchana jua likiwa kali, wakiwa wananing'inia juu ya miti, hujipepea kwa bawa. Mnyama amelala, lakini bawa linakwenda. Basi na mgongo wako nao unataka upepo.

Wazee wetu hili walilijua bila ya darasa. Pakacha limesukwa kwa makuti mabichi lina matundu kila pahala, embe zinapumua, hazivundi njiani. Kitanda cha kamba ni hivyo hivyo. Aliyelala kitanda cha kamba usiku wa Kaskazi na aliyelala godoro la sponji hawakulala usiku mmoja, kwa sababu yule wa kamba anapata hewa mpaka chini ya mgongo.

Na begi lililo bora kwa joto ni kitanda cha kamba kilichosimamishwa wima. Mwaka 1984 kampuni ya Deuter ya Ujerumani ilitoa begi ambalo ndani yake mna fremu iliyopinda kama upinde, na wavu umekazwa kutoka juu mpaka chini. Mgongo unagusa wavu tu, na mfuko wenyewe uko nyuma, kuna nafasi ya vidole kadhaa katikati ambayo hewa inapita. Leo makampuni mengi yanatengeneza hivyo, na mtaukuta wavu huo hata kwenye mabegi ya mitumba. Siuzi begi la mtu. Nawaambieni jina ili mjue wazo limetoka wapi.

Mkiingia dukani mtakuta aina tatu. Kuna sponji tupu lililolala bapa, kama lile langu. Hilo liacheni kwa mtoto wa skuli anayevuka barabara tu. Kuna sponji lenye mifereji, yaani limekatwa vipande vipande na katikati kuna njia za hewa. Hilo si baya, hasa mifereji ikiwa mipana na ikitoka juu mpaka chini bila ya kuzibwa. Jaribuni kwa kidole: kidole kikipita chote bila ya kukwama, na hewa itapita. Halafu kuna la wavu uliokazwa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu muuzaji hatakwambieni.

La wavu lina gharama yake. Kwanza, linausogeza mzigo nyuma. Kitu kizito kikikaa mbali na uti wa mgongo kinakuvuta nyuma, na wewe unainama mbele kukifidia, jioni kiuno kinalalamika. Ukibeba kidogo hulioni hilo. Ukijaza kilo kumi utaliona. Pili, kwa sababu fremu imepinda, ndani ya begi nako kumepinda, sanduku la huduma ya kwanza la pembe nne halikai sawa, linaegemea. Tatu, fremu ni uzito wa ziada. Na nne, ambalo watu wengi hawalijui: fremu ikiwa dhaifu na begi ukalishindilia mpaka tumbo likatoka, mfuko unasukumwa mbele unagusana na wavu, na ile nafasi ya hewa imekufa. Umelipia wavu, umebeba sponji. Kwa hiyo dukani msilijaribu likiwa tupu. Lijazeni, halafu pitisheni mkono kati ya wavu na mfuko. Mkono ukipita, nunua.

Jengine, na hili nalisema kwa ajili ya hapa kwetu. Hewa ya Pemba ina unyevu mwingi. Jasho hukauka taratibu kwenye hewa iliyoshiba maji, na ndani ya Ngezi, chini ya mipapindi na miti mirefu ile, upepo haupo kabisa. Msidanganyike kuwa mtu mwenye begi la wavu atatoka Ngezi mgongo mkavu. Hatatoka. Tofauti mtaiona mkifika Vumawimbi, upepo wa baharini unapoingia kwa pembeni: mwenye wavu mgongo unapoa kwa muda mfupi, na mwenye sponji atarudi nyumbani na jasho lile lile la asubuhi. Kwa hiyo hata begi likiwa bora, mkipata uwazi wenye upepo, vueni mabegi. Dakika tano zinatosha. Mgeni akiuliza kwa nini tunasimama, mwambie, tunaupepea mgongo. Wataelewa, na watakupendeni kwa hilo.

Basi hewa nimeizungumza sana, lakini mnisamehe, kwenye kuchagua si ya kwanza. Cha kwanza ni kipimo. Begi lenye wavu mzuri lisilokutosha ni sawa na kiatu chepesi cha namba ya mwenzio.

Mpime hivi. Inamisha kichwa, utausikia mfupa umetokeza chini ya shingo. Hapo ndipo pa kuanzia. Halafu shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba nyuma, uisikie mifupa ya nyonga kwa juu. Mstari unaounganisha gumba na gumba ndipo pa kuishia. Mwenzako apime kwa utepe wa fundi cherehani, aufuate mgongo unavyopinda. Mimi ni sentimita 41. Kijana mrefu anaweza kufika 50 na zaidi. Mabegi mengi ya kutwa yanatengenezwa kipimo kimoja, na kipimo hicho kimemfikiria mwanamume mrefu kiasi. Mwanamke mfupi akilivaa, mkanda wa kiunoni unateremka chini ya nyonga, unakuwa pambo tu. Yapo yanayorekebishika urefu, na yapo ya kike yenye mikanda ya mabegani iliyopinda ikapita pembeni ya kifua. Ukiyapata, shukuru. Usipoyapata, chukua begi fupi zaidi hata kama ni dogo.

Mkanda wa kiunoni kwenye begi la kutwa watu wanauona wa nini. Mabibi zetu walibeba karafuu kichwani juu ya kata kwa sababu uzito uliokaa sawasawa juu ya mifupa hauchoshi kama uzito ulioning'inia kwenye nyama. Bega ni nyama na mishipa. Nyonga ni mfupa, na chini yake kuna miguu, viungo vyenye nguvu kuliko vyote mwilini. Mkanda wa kiunoni ukikaa juu ya mfupa wa nyonga, usiwe tumboni, unauchukua uzito mabegani na kuupeleka miguuni. Ule mwembamba kama kamba ya pazia haubebi, unazuia begi lisicheze tu. Mnaotazamia kubeba maji ya wageni, tafuteni wenye upana wa kiganja na nao uwe na wavu, maana kiunoni nako hutoka jasho.

Kuvaa nako kuna utaratibu. Legeza mikanda yote. Weka begi mgongoni, funga wa kiunoni kwanza na uukaze. Kisha vuta ya mabegani mpaka ikumbatie bega, lakini uzito usihamie huko. Mwisho wa kifuani, chini kidogo ya mtulinga, usiukaze ukabana pumzi. Vidole vikifa ganzi njiani, mikanda ya mabegani imekaza mno au ni myembamba mno, inakandamiza mishipa. Kwenye kifungio cha kifuani mabegi mengi yana kipenga kidogo cha plastiki. Kitazameni kama kipo na kama kinalia. Mlio mara tatu, ukatulia, ukarudia: hiyo ni alama ya mtu anayehitaji msaada.

Mabinti, nyinyi nawaambieni pembeni ingawa kaka zenu wanasikia. Mikanda ya mabegani hukamata mtandio, na kila ukigeuza shingo unavutwa kichwa. Vaa mtandio mwepesi wa pamba, uingize ncha ndani ya nguo kabla ya kuvaa begi. Tazama pia sehemu ya juu ya begi: ikiwa imepanda mpaka inakugusa kisogoni, huwezi kuinua kichwa kumtazama bundi juu ya mti, na kazi yetu nusu yake ni kutazama juu. Na nyote, wavulana kwa wasichana: mgeni mkanda wake umekaa vibaya, mwonyeshe kwenye begi lako mwenyewe jinsi ya kukaza. Usiunyooshe mkono kwenye kifua wala kiuno cha mtu. Hata yeye akikuambia hakuna neno, mwonyeshe kwenye lako.

Ukubwa sitauzungumza sana. Lita 20 mpaka 25 inatosha. Ukinunua la 40 utalijaza, mwanadamu ndivyo alivyo. Uzito wote usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako; wa kilo 60 abebe kilo 6, na humo maji lita 2 yameshachukua kilo 2. Maji yakae karibu na mgongo, usawa wa katikati, ukiwa na begi la wavu khasa, ili kuupunguza ule mvuto wa nyuma nilioutaja.

Mvua sasa. Masika mnayajua, na vuli nayo hupita bila ya kuaga. Mabegi mengi huja na kifuniko cha mvua kilichofichwa mfukoni chini. Ni kizuri, lakini kinafunika nje tu. Maji yanayokuteremkia shingoni yanapita pale pale kati ya mgongo na begi, kwenye ile nafasi ya hewa tuliyoisifu, yanaingia kwa nyuma. Karatasi ya orodha ya wageni ikaniyeyukia mkononi siku moja, wino wote umekwenda. Tangu hapo natumia mfuko wa ndani. Ile mifuko ya kukunja mdomo wanayotumia wazamiaji ni bora kabisa, lakini si lazima. Mimi nilichukua kipande cha turubai jepesi, nikampelekea fundi cherehani, akanishonea bitana yenye mdomo mrefu wa kukunja mara tatu. Mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku Zanzibar na ni vyema, wala isingehimili, ingechanika siku ya pili.

Adui mwengine ni chumvi. Tunapanda mashua kwenda Misali, tunatembea pwani, na jasho lenyewe ni chumvi. Zipu yenye kichwa cha chuma cha rahisi itashika kutu na kukwama siku unapolitaka sanduku la dawa haraka. Chagueni zipu yenye meno ya plastiki, pana, inayokwenda kwa mkono mmoja. Kila mkirudi pwani, mwagieni begi maji baridi, kwenye wavu na mikanda hasa, maana chumvi iliyokauka pale kesho itakuwa msasa mgongoni mwako. Lianikeni kivulini penye upepo. Jua kali huila nailoni na rangi pamoja nayo. Wala msiliweke kabatini na unyevu wake, litapiga koga na harufu haitoki tena.

Wengi wenu mtanunua mitumba, na sioni aibu. Langu la sasa ni la mtumba, nililipata Darajani nilipokwenda Unguja. Ila litazameni kwa ndani, siyo nje. Nailoni hupakwa utando kwa ndani ili isipitishe maji, na utando huo huharibika kwa joto na unyevu, hata begi likiwa halikutumika. Pitisha kiganja: ukishika kitu kinachonata, au kinachobanduka kama ngozi ya kitunguu, na harufu ya uchachu, liache, hata kama nje linang'aa. Kisha vuta wavu kwa nguvu uone kama bado umekaza. Uliolegea hauna kazi. Mshono wa mkanda wa bega pale unapoungana na begi ndipo panapokatika kwanza, lakini hapo fundi anaweza kupashona upya kwa uzi mzito, msilitupe kwa hilo. Na mkipata rangi mbili, chukueni nyepesi. Begi jeusi kwenye jua la pwani ni jiko, na chakula chenu ndicho kinachopikwa.

Basi nisiendelee. Nimekuja na mabegi matano, yote tofauti, na chupa za maji kule nyuma, kila moja lita 1 na nusu. Watano wajitokeze, wawili wawe mabinti. Kila mmoja atie chupa tatu, avae kama nilivyosema, mkanda wa kiunoni kwanza, mpande kile kilima cha nyuma ya skuli mara tatu, mteremke. Anza wewe mwenye shati ya kijivu, ya kijivu inaonyesha jasho vizuri. Mkirudi mtageuza migongo mbele ya wenzenu, na kila mmoja atasema uzito aliusikia wapi: begani, kiunoni, au shingoni.